Njia Anayoipenda Mwanafunzi na Njia Inayomfikisha: Mitindo ya Utambuzi katika Masomo ya Mtandaoni

Fungua kumbukumbu za mfumo wowote wa kufundishia mtandaoni siku chache baada ya moduli mpya kuwekwa, utakuta wanafunzi wanapita njia zisizokutana. Mmoja ameanza ukurasa wa kwanza, akaenda wa pili, wa tatu, kila mara akibofya "endelea", na kila alipokuta kiungo cha kutoka nje ya moduli alikipita kama hakukiona. Mwingine ameingia kupitia kisanduku cha kutafuta, akaruka hadi ukurasa wa saba, akarudi wa pili, akachungulia jaribio la mwisho aone linauliza nini, ndipo akatulia kusoma. Waulize kozi ikoje. Wa kwanza atasema imepangika, wa pili atasema inambana. Ni kozi ileile, na hakuna anayesema uongo.

Tofauti hiyo ndiyo mtindo wa utambuzi: namna mtu alivyozoea kupokea habari, kuzipanga kichwani na kuzitumia. Haipimi akili wala bidii. Na jambo ambalo kazi ya kuandaa na kuendesha masomo ya mtandaoni hulithibitisha mara kwa mara ni kwamba mtindo huo unagusa zaidi njia kuliko chombo. Unaonekana katika mpangilio wa kurasa, uhuru wa kuruka, kasi ya kujibu, na kiasi cha watu wanaohitajika karibu. Hauonekani sana pale watu wengi wanapoutafuta, yaani kama huyu apewe video na yule apewe maandishi. Anayekosea hapo hugharamia matoleo matatu ya kozi moja, na matokeo ya mtihani yanabaki palepale.

Kijiti ndani ya fremu

Mgawanyo uliochunguzwa sana kuliko mingine ulianzia kwa mwanasaikolojia Mmarekani Herman Witkin katika miaka ya 1940. Mtu aliketishwa katika chumba cha giza mbele ya fremu inayong'aa, fremu imeinamishwa, ndani yake mna kijiti kinachong'aa, naye akaambiwa akisimamishe kijiti wima. Wapo waliokisimamisha wima kweli, fremu iiname itakavyo. Wapo waliokiinamisha kufuata fremu na wakaona kimenyooka. Wale wa kwanza waliitwa wasiotegemea muktadha, hawa wa pili wategemezi wa muktadha. Mwaka 1971 kilichapishwa kipimo cha kupimia kundi zima kwa karatasi: unatafuta umbo dogo lililofichwa ndani ya mchoro tata, na alama zinakwenda kutoka 0 hadi 18.

Katika kozi ya mtandaoni, fremu ni ukurasa wenyewe. Mtegemezi wa muktadha huupokea mpangilio kama alivyopewa: kilichotangulia ndicho muhimu, chenye herufi nene ndicho kikuu. Ukimwekea ramani ya kozi ataitumia, ukimwekea faharasa ya kialfabeti haigusi. Asiyetegemea muktadha hukichomoa anachokitaka katika vilivyokizunguka na kujipangia upya. Huyo hupenda faharasa, kisanduku cha kutafuta na ruhusa ya kuruka, na ukimfungia kurasa anakasirika.

Mfano wa kiutafiti upo. Nigel Ford na Sherry Chen walitoa mwaka 2001 matokeo ya wanafunzi 73 wa uzamili waliojifunza kutengeneza kurasa za wavuti kwa HTML. Baadhi walipewa mpangilio unaoonyesha mada zote kwa juu juu kwanza, wengine mpangilio unaochimba mada moja hadi mwisho kabla ya kugusa nyingine. Waliopewa mpangilio unaolingana na mtindo wao walifanya vizuri zaidi katika jaribio la uelewa wa dhana, ingawa tofauti hiyo ilijitokeza hasa kwa wanaume. Tazama kilichobadilishwa pale: ni mpangilio. Maudhui na chombo vilibaki vilevile.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kumpa kila mmoja njia bila kuandika kozi mbili. Haya ndiyo yanayofaa zaidi, na hayahitaji teknolojia yoyote ya ajabu.

Majina ya moduli yaseme kilichomo. "Moduli ya 4" haimsaidii yeyote. "Urari usiolingana: kutafuta kosa liliko", katika kozi ya utunzaji wa hesabu, inamwambia anayefuata mstari kuwa amefika wapi, na inamwambia mrukaji kama aruke hapa au apite.

Kila ukurasa uanze na mistari miwili au mitatu: ukurasa huu unajibu swali gani, unatoka kwenye lipi, unaelekea lipi. Watu hupuuza hili kwa sababu ramani tayari iko pembeni mwa skrini. Lakini kwenye simu ile ramani ya pembeni hujikunja na kujificha nyuma ya kitufe chenye mistari mitatu, na wasiobonyeza kitufe ambacho hawajaelekezwa kukibonyeza ni walewale wanaoihitaji ramani. Matokeo yake, kozi iliyo wazi kabisa kwenye kompyuta ya mwalimu inakuwa msitu kwenye simu ya mwanafunzi. Fungua kozi yako kwa simu, kwa akaunti ya mwanafunzi wala si ya mwalimu, uione inavyoonekana.

Viungo vya ziada viende mwisho wa ukurasa, visizidi vitatu, kila kimoja na sentensi ya kueleza kina nini. Kiungo kilicho katikati ya aya ni mlango wa kupotelea kwa mtegemezi wa muktadha: hajui kama anatakiwa aingie, akiingia hajui kurudi, na akipita anabaki na wasiwasi kuwa ameacha kitu cha mtihani.

Kisha kufuli. Mifumo mingi inakuruhusu kuifunga moduli ya tano mpaka ya nne imalizike, na waandaaji wengi hufunga zote kwa sababu inaonekana nadhifu. Kabla ya kufunga, jiulize: akiruka hapa, ni kitu gani hasa hatakielewa mbele? Ukikosa jibu la sentensi moja, acha wazi. Katika kozi ya kawaida yenye moduli kumi, kufuli zenye sababu ya kweli mara nyingi hazifiki tatu. Zilizobaki zinamuudhi mmoja bila kumsaidia mwingine, kwa kuwa anayefuata mstari angeufuata hata pasipo kufuli.

Kuna upande mwingine wa mgawanyo huu ambao husahaulika. Witkin na wenzake, katika mapitio yao ya mwaka 1977 kuhusu elimu, walieleza kuwa wategemezi wa muktadha huegemea watu na ishara zinazotoka kwa watu, na wale wengine huegemea mambo yasiyohusu sana mahusiano. Mtandaoni hili linaamua nani anaacha masomo kimyakimya. Kozi ya kujisomea isiyo na sauti ya mtu yeyote humfaa mmoja na kumnyong'onyeza mwingine. Anayehitaji watu hatakuandikia kulalamika. Ataacha tu kuingia. Ujumbe mfupi wa mwezeshaji ndani ya saa 48 za kazi ya kwanza, unaotaja kitu alichokiandika yeye mwenyewe, unafanya kazi kuliko barua pepe tano za jumla. Na mrejesho wa "umekosa, jaribu tena" ni adhabu kwake, maana anategemea kuonyeshwa kosa liko wapi. Mwandikie, kwa mfano katika somo la hesabu: "Kiasi ni sahihi, upande ndio umegeuka. Rudi kwenye mstari wa pili." Asiyetegemea muktadha yeye utamkera kwa kumlazimisha ajitambulishe kwa aya mbili na kuwajibu wenzake watatu kabla ya kuanza kusoma. Kujitambulisha kuwe hiari. Hakuna kitakachoharibika.

Mizania kwanza au muamala kwanza

Gordon Pask, Mwingereza, alieleza katika kazi yake ya mwaka 1976 mgawanyo unaofanana na huo lakini wenye manufaa zaidi kwa mwandaaji wa masomo. Kuna wanaoanza na picha nzima, na kuna wanaoanza na kipande kimoja na kukiunga na kingine. Ubora wa Pask ni kwamba alitaja na ugonjwa wa kila upande. Wa picha nzima huparamia mifano na milinganisho isiyo na msingi, akaridhika kuwa ameelewa. Wa vipande hukusanya hatua zote sahihi bila kuona zinahusiana vipi, akakwama mara swali linapobadilika kidogo.

Chukua somo la kwanza la utunzaji wa hesabu. Mtu anaanza biashara kwa mtaji wa 500 taslimu. Ananunua bidhaa za 200 kwa taslimu. Anauza nusu ya bidhaa hizo kwa 150, taslimu pia. Njia ya vipande ni kuandika kila muamala katika jarida, debiti upande wa kushoto na krediti upande wa kulia, kuuhamishia kwenye leja (daftari la akaunti moja moja), kutoa urari (orodha ya salio zote), na mwishowe mizania, yaani taarifa ya mali iliyopo na ilikotoka. Ni njia nzuri, ila anayehitaji picha nzima anakaa kurasa nne akijiuliza haya yote ni ya nini. Wengi huacha pale pale kwenye debiti na krediti.

Weka mizania iliyokamilika ukurasa wa kwanza kabisa: taslimu 450, bidhaa 100, jumla 550. Upande wa pili mtaji 500, faida 50, jumla 550. Chini yake vitufe viwili. Kimoja kinasema "Namba hizi zimetoka wapi?" na kinampeleka mtu kuzifuatilia kinyumenyume kutoka mizania hadi miamala. Kingine kinasema "Anza na muamala wa kwanza". Kurasa zinazofuata ni zilezile, tofauti ni mlango wa kuingilia. Kazi iliyoongezeka kwa mwandaaji ni ukurasa mmoja na vitufe viwili.

Mwishoni mwa somo ndipo pa kuwabana wote kwa kile wanachokikwepa. Wa picha nzima apewe miamala minne mipya aiandike yote kwenye jarida, na mfumo usikubali kosa la upande. Wa vipande aulizwe: mwenye biashara akichukua 30 taslimu kwa matumizi yake binafsi, ni mistari ipi ya mizania inabadilika, na jumla inakuwa ngapi? (Taslimu inashuka hadi 420, upande wa mwenye mali unapungua 30, jumla 520 pande zote.) Yule aliyekariri hatua ataandika muamala vizuri kisha ashindwe kusema faida imebaki 50. Hapo umejua cha kumfundisha. Kwa kuwa huwezi kuwa na uhakika nani ni nani, mpe kila mtu kazi zote mbili.

Wa haraka na wa taratibu

Katika miaka ya 1960 Jerome Kagan alipima kitu kingine. Mtoto anaonyeshwa picha moja na nyingine sita zinazofanana nayo, moja tu ndiyo sawasawa kabisa. Hupimwa muda hadi jibu la kwanza na idadi ya makosa. Wapo wanaojibu upesi na kukosea sana, wapo wanaokawia na kukosea kidogo.

Vipindi mubashara vya mtandaoni vimetengenezwa kwa ajili ya watu wa haraka. Mwalimu anauliza, baada ya sekunde nne jibu la kwanza linaingia kwenye gumzo, na waliokuwa bado wanafikiri wanafuta walichoanza kuandika. Dawa yake ni rahisi: wote waandike jibu bila kulituma, mwalimu ahesabu sekunde 60, kisha watume kwa pamoja. Majibu yanamwagika kwa wakati mmoja, na utashangaa majina yanayojitokeza. Michezo ya maswali inayotoa alama nyingi kwa anayewahi ifae kuchangamsha tu, alama zake zisiingie kwenye matokeo, maana inapima kasi katika somo ambalo kasi si lengo lake.

Kwenye jukwaa la majadiliano tatizo linageuka. Mchangiaji wa kwanza huweka mkondo, na wanaofuata huandika "nakubaliana na mwenzangu". Moodle, mfumo wa kufundishia mtandaoni, ina aina ya jukwaa la maswali na majibu ambalo humzuia mwanafunzi kuona michango ya wenzake mpaka aweke wake. Kwa mpangilio wa kawaida, baada ya kutuma hukaa dakika 30 kabla ya kuyaona ya wengine, kwani muda huo ni wa kusahihisha alichoandika. Waeleze hilo mapema, la sivyo utapokea malalamiko kuwa mfumo umeharibika. Na weka tarehe mbili za mwisho, moja ya mchango wako mwenyewe, nyingine siku tatu au nne mbele kwa ajili ya kuwajibu wengine. Tarehe ikiwa moja, wa taratibu huingia saa tatu kabla ya kufungwa, na hakuna aliyebaki wa kumjibu.

Kwa wale wa haraka kupita kiasi kuna silaha inayopuuzwa: maswali yenye kiwango cha uhakika, nayo ipo ndani ya Moodle. Mwanafunzi akijibu anataja ana uhakika wa 1, 2 au 3. Akipata, anapewa alama 1, 2 au 3 kwa mfuatano huo. Akikosa, anapata 0, anapokwa 2, au anapokwa 6. Kubahatisha kwa kujiamini kunaanza kuuma. Itumie kwanza kwenye majaribio ya mazoezi, kwa sababu mwanafunzi asiyeielewa atachagua 3 kila mahali na kutoka na alama hasi, kisha ataichukia kozi nzima.

Kuhusu video na maandishi

Hapa tutapita haraka, maana hapa ndipo maneno mengi yamesemwa kwa faida ndogo. Richard Riding alitengeneza mwaka 1991 kipimo cha kompyuta kinachotenganisha wanaofikiri kwa maneno na wanaofikiri kwa picha, na tofauti hiyo ipo. Lakini mwaka 2008 Harold Pashler na wenzake walipitia ushahidi wa dai kwamba mwanafunzi hujifunza zaidi akifundishwa kwa mtindo wake, wakauona hautoshi kujengea uamuzi wowote wa kufundishia. Miaka minne kabla, Frank Coffield na wenzake walikuwa wamehesabu mifumo 71 ya mitindo ya kujifunza na kuichambua 13 kwa kina. Mingi ilionekana dhaifu kama kipimo. Somo lenyewe ndilo linalochagua chombo. Matamshi yanataka sauti, mzunguko wa damu unataka mchoro, kifungu cha sheria kinataka maandishi, hata kama msomaji anajiita "mtu wa kuona".

Yanayofaa kwa wote ni machache. Video iwe fupi: uchambuzi wa Philip Guo na wenzake wa mwaka 2014, uliotumia vipindi milioni 6.9 vya kutazama video za edX, jukwaa la kozi za mtandaoni, ulionyesha kuwa muda wa kati wa kutazama hauvuki dakika sita hata video iwe ndefu kiasi gani. Usisome kwa sauti maandishi yaleyale yaliyo kwenye skrini. Jina la sehemu likae juu ya sehemu yenyewe ndani ya mchoro, lisiwekwe kwenye orodha pembeni. Na kila video iwe na maandishi yake kamili, kwa sababu mwenye kifurushi kidogo cha data, asiyesikia vizuri na anayetaka kutafuta neno moja wote watayatumia.

Hilo la data lina uzito kuliko linavyoonekana. Ukiona mwanafunzi hatazami video, anapakua faili za PDF tu, usikimbilie kuandika kuwa ni mtu wa maneno. Inawezekana hana bando.

Kumjua mwanafunzi bila kumbandika jina

Dodoso la mitindo linavutia kwa sababu linatoa jibu la haraka. Lile la Felder na Soloman lina maswali 44, kumi na moja kwa kila mmoja wa mielekeo minne, na linajazwa kwa dakika chache. Tatizo linaanza baada ya hapo. Mwanafunzi aliyeambiwa ni wa kusikiliza huacha kusoma, na alipokuwa na uvivu mdogo wa kusoma sasa ana cheti chake.

Pia anachokipenda mtu kinaweza kumdanganya. Katika utafiti wa Louis Deslauriers na wenzake uliochapishwa 2019, wanafunzi wa fizikia wa Harvard waliofundishwa kwa kushirikishwa walijiona wamejifunza kidogo kuliko walipohutubiwa na mwalimu hodari, ilhali jaribio lilionyesha kinyume chake. Fomu ya maoni ya mwisho wa kozi inapima raha zaidi ya kitu kingine. Isome, lakini isikuongoze peke yake.

Badala ya dodoso, uliza maswali matatu ya vitendo mwanzoni. Ukipewa kifaa kipya, unasoma maelekezo kwanza au unabonyeza kwanza? Ukikwama kwenye somo, unamwendea mtu au unatafuta mwenyewe? Ungependa kuona kazi iliyokamilika kabla ya kuanza, au uipate hatua kwa hatua? Majibu yatumie kupanga vikundi mchanganyiko na kujua nani wa kumwandikia mapema. Usimwonyeshe mwanafunzi majibu hayo kama alama wala jina la kumbandika.

Tahadhari kubwa zaidi ni ugeni wa somo. Mtu mgeni kabisa hufanana na mtegemezi wa muktadha: anafuata mstari, anaogopa kuruka, anataka mifano iliyotatuliwa. Mtu yuleyule katika somo analolijua ataruka kama mwingine yeyote, na mifano iliyotatuliwa itamchosha. Slava Kalyuga na wenzake wameonyesha kuwa msaada unaomfaa anayeanza unaweza kumzuia aliyebobea. Kwa hiyo, kabla ya kuamini kuwa umeona mtindo, pima ujuzi. Maswali matano mwanzoni mwa moduli yanatosha: aliyepata manne au yote afunguliwe kazi ya mwisho moja kwa moja, aliyepata chini ya hapo aanzie mifano iliyotatuliwa, na wote wabaki na uhuru wa kwenda upande wa pili.

Kisha rudi kwenye kumbukumbu za mfumo mwisho wa wiki ya pili. Usizitazame mapema zaidi, kwa kuwa wiki ya kwanza kila mtu anabofya kila kitu. Tafuta mambo matatu: ukurasa ambao watu wanaufungua na kutoka bila kwenda popote, kiungo cha nje ambacho hakifuatiwi na kurudi, na wanafunzi walioingia mara nyingi bila kuwasilisha kazi. La kwanza ni kosa la ukurasa, lirekebishe siku hiyo hiyo. La pili, kihamishie kiungo mwisho wa ukurasa. La tatu, waandikie mmoja mmoja kwa majina yao, na uwaulize swali moja linalojibika kwa sentensi moja.